SOMO LA 18: TAMAA YA MOYO, MAHARI NA SHERIA



Katika masomo yaliyotangulia tulieleza amri ya saba, ile inayotukataza kuchukua mali ya mwenzetu. Amri ile yautazama mkono. Leo twaingia katika amri ya tisa na ya kumi, na hizi hazitazami mkono bali moyo: zatukataza kumtamani mke wa mwenzetu na kuitamani mali yake. Wengi hutuuliza: Kwa nini Mungu aliweka amri mbili juu ya jambo lisiloonekana? Askari hawezi kulishika, hakimu hawezi kulihukumu, jirani hawezi kulishuhudia. Je, haitoshi kumzuia mtu asiibe?

Jibu letu ni hili: tamaa huanza ndani ya moyo, lakini haikai humo. Hutoka nje, ikajenga desturi, ikapanga bei, ikaandika sheria. Na desturi, bei na sheria zikiisha kusimama, nazo hurudi moyoni na kutufundisha tutamani nini. Mtu asiyeelewa mwendo huo atadhani kwamba ubaya wote watoka kwa jirani, au sokoni, au kwa Serikali. Au atadhani kwamba sheria moja mpya yaweza kuponya kila kitu. Mawazo hayo yote ni makosa.

Ili tusizungumze hewani, tutachukua jambo moja ambalo kila nyumba katika nchi yetu ya Kongo yalijua: mahari.

I. TAMAA NI KITU GANI?

Tamaa yenyewe si dhambi. Njaa na kiu, haja ya mavazi na nyumba, hamu ya mume na mke kuishi pamoja, hamu ya kupata watoto na kuheshimiwa na watu: hizo zote Muumba alizitia ndani yetu. Mtu asiyetamani kitu chochote halimi, hajengi, haoi, wala hawapeleki watoto wake shuleni.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu na mnyama. Mbuzi akishiba hulala. Mtu akishiba huwaza chakula cha kesho, kisha cha mwaka ujao, kisha huwaza jinsi ghala lake litakavyopita ghala la jirani. Tena twajifunza kutamani kwa kuwatazama wengine. Zamani hakuna mtu kijijini aliyesikitika kwa kukosa bati, kwa kuwa nyumba zote ziliezekwa nyasi. Siku mtu wa kwanza alipoezeka bati, nyumba za wengine hazikuanza kuvuja siku ile. Ila wenyewe walianza kuziona ni duni. Basi, tamaa nyingi hatukuzaliwa nazo. Tumezipata kwa wenzetu, kama vile tulivyopata lugha.

Tamaa ni kama mvua katika nchi ya milima. Mvua ni baraka. Lakini ikishuka mlimani bila kuongozwa, huuondoa udongo mweusi na kuacha mawe. Mkulima mwenye akili hajaribu kuizuia mvua isinyeshe. Huchimba mifereji ya kukata mteremko, ili maji yapungue mbio na kulowesha shamba. Tamaa za watu nazo zina mifereji mitatu: desturi ya jamaa, fedha, na sheria ya Serikali. Tuitazame mmoja mmoja.

II. DESTURI YAZIFUNGA TAMAA ZA WATU WENGI PAMOJA

Kijana anapopeleka posa, mara nyingi hudhani kwamba tamaa iliyopo ni yake peke yake: anampenda msichana, anataka nyumba na watoto. Kumbe wako watu wengi ndani ya jambo lile. Wazazi wa msichana wataka uhakika kwamba binti yao hatachukuliwa leo na kutupwa kesho. Shangazi na mjomba wataka heshima yao itambulikane. Kaka yake angoja mali hiyo ili naye apate kuoa. Wazazi wa kijana wataka wajukuu watakaoshika jina la ukoo. Na msichana mwenyewe ana tamaa zake, ingawa mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kuulizwa.

Wazee wa zamani walizitambua tamaa hizo zote, wakazifunga katika tendo moja. Kwa Bashi wa Kivu mahari ilikuwa ng'ombe. Kwa Banande ilikuwa mbuzi. Kwa Babemba wa kusini mwa Katanga, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mali iliyotolewa ilikuwa kidogo. Kijana alihamia kijijini kwa wakwe zake na kuwalimia muda wa miaka. Hapo twakumbuka habari ya Yakobo katika Kitabu cha Mwanzo, aliyemtumikia Labani miaka 7 ili ampate Raheli. Tamaa ya kijana wa Bushi na ya kijana wa Kibemba ilikuwa moja. Njia ya kuitimiza haikuwa moja, kwa sababu mpango wa jamaa, ardhi na mifugo haukuwa mmoja.

Desturi hizo zilikuwa na faida za kweli. Kwanza, zilimlazimisha kijana kungoja, na kungoja kulimjaribu kama ana nia thabiti. Pili, zilifanya ndoa iwe jambo la wazi, lenye mashahidi. Tatu, zilizifunga jamaa mbili: mume akigombana na mkewe, wako wazee wa pande zote mbili wenye haki ya kuketi na kusuluhisha, kwa kuwa mali yao na heshima yao zimo ndani ya ndoa ile.

Hata hivyo, tusiwasifu wazee kupita kiasi. Mfereji uleule ulioongoza maji vizuri uliweza pia kumzamisha mtu. Mwanamke aliyepigwa na mumewe alikimbilia kwao. Baba yake alimhurumia. Lakini ng'ombe waliotolewa walikuwa wamekwisha kutumika kwa ndoa ya kaka yake. Kumpokea binti kulimaanisha kurudisha ng'ombe, na ng'ombe hawapo. Basi baba alimwambia: «Rudi, mwanangu, uvumilie.» Baba yule hakuwa mtu mbaya. Aliipenda amani ya nyumba ya mwanawe wa kiume, na gharama ya amani ile alimtwisha binti. Hilo ndilo jambo la kukumbuka: desturi yaweza kuzitimiza tamaa za watu tisa kwa kumnyima haki yake mtu wa kumi.

Hata katika habari ya Yakobo tamaa ya mkwe haikukosa. Labani aliona faida ya mtumishi mwema, akamdanganya na kumpa Lea badala ya Raheli, kusudi atumike miaka 7 mingine. Mahari yaweza kumlinda binti. Yaweza pia kumgeuza kuwa chambo.

III. FEDHA HAINA TUMBO

Mfereji wa pili ni fedha. Hapo kale mali ya ndoa haikuwa fedha, na jambo hilo lina maana kubwa. Ng'ombe huhitaji malisho na mchungaji. Mtu hawezi kufuga kupita nguvu zake. Ng'ombe huonekana na kila mtu, hafichiki. Tena ng'ombe huyohuyo aliyetolewa kwa ajili ya dada hutoka tena kwa ajili ya kaka, akazunguka katika jamaa nyingi. Kwa hiyo tamaa ya ng'ombe ina mipaka yake yenyewe. Fedha si hivyo. Haihitaji malisho, haizeeki zizini, hufichwa mfukoni. Mtu mwenye tumbo hushiba. Fedha haina tumbo, kwa hiyo haijui kushiba.

Fedha iliingiaje vijijini? Haikuingia kwa tamaa ya wanakijiji peke yake. Mwaka 1910 Serikali ya Ubelgiji iliweka kodi ya kichwa katika Kongo, na mwanamume mwenye wake wengi alitozwa nyongeza. Ili kulipa kodi ilimpasa mtu auze mazao yake, au aende kufanya kazi ya mshahara. Hivyo sheria ilimfanya mtu ahitaji fedha, hata yeye ambaye hakuitamani. Kisha, alipokwisha kuishika mkononi, alijifunza kuitamani.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa migodi ya shaba ya Katanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miaka ya kwanza iliajiri wanaume walioacha wake zao nyumbani. Wengi waliugua, wengi walikufa, na wengi walitoroka. Sheria ya mkataba wa kazi ya mwaka 1922 ilimruhusu hakimu kumtia gerezani mfanyakazi aliyevunja mkataba. Lakini gereza lilimshika mtu mwili tu. Halikumtia hamu ya kukaa. Kuanzia mwaka 1928, hivi, kampuni ilibadili njia. Ilianza kupendelea wanaume wenye wake, ikawapa mikataba ya miaka 3, nyumba, posho ya chakula kwa mke na watoto, matibabu ya wazazi na shule. Tena iliwasaidia vijana kulipa mahari, wakiirudisha katika mshahara wao.

Tutazame vizuri jambo hili, kwa kuwa lina mafundisho. Mwenye kampuni alitaka shaba. Mfanyakazi alitaka mke na watoto. Mwenye kampuni alitambua kwamba tamaa ya pili yaweza kuitumikia tamaa ya kwanza: mwanamume mwenye mke, nyumba na mtoto shuleni hatoroki. Watu wengi walipata faida: watoto walizaliwa katika nyumba safi, wakaponyeshwa, wakasoma. Lakini wema ule ulikuwa na mlinzi mlangoni. Aliyefukuzwa kazini alipoteza pamoja na mshahara nyumba, posho na shule. Ndipo twafahamu kwamba yeye aliyeishika njia ya kutimizia tamaa yako amekushika na wewe, hata kama anakutendea mema. Kwa sababu hiyo Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara si haki kwa kuwa tu pande mbili zimekubali. Mtu aweza kukubali kwa kusukumwa na uhitaji.

Nayo mahari ikapatikana namna gani tangu hapo? Fedha iliingia kwanza kama badala ya mbuzi mmoja, kisha kama badala ya ng'ombe, kisha ikawa ndiyo mahari yenyewe. Leo, mahali pengi, kijana hupewa karatasi iitwayo «faktire». Ndani yake huandikwa dola, mbuzi, suti ya baba, vitenge vya mama, viatu, bidoni za pombe, gunia la mchele, sufuria, na kitu cha mjomba. Kila kitu kimoja kimoja chaweza kuwa na sababu nzuri. Lakini mara nyingi faktire haiandikwi kwa kumtazama kijana na uwezo wake; huandikwa kwa kutazama faktire ya jirani. «Binti wa fulani alitolewa hivi, je, wetu ni duni?» Hiyo ndiyo habari ya bati na nyasi, imerudi kwa sura nyingine.

Na matokeo yake mwayajua. Kijana asiye na mali ana njia tatu tu mbele yake. Njia ya kwanza ni kungoja mpaka nywele zipate mvi. Njia ya pili ni kumchukua msichana bila kufuata utaratibu, wakakaa pamoja bila ndoa ya jamaa, bila ndoa ya Serikali, bila sakramenti. Njia ya tatu ni kwenda kutafuta fedha ya haraka, na katika Kivu mara nyingi hiyo ni njia ya machimbo, kama yale ya dhahabu ya Kamituga. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 yamruhusu Mkongo mtu mzima kuchimba kwa mikono, mradi awe na kadi na achimbe mahali palipotengwa; tena tangu masahihisho ya mwaka 2018 yampasa awe katika ushirika. Lakini shimo halisomi kadi. Wako waliorudi na mahari. Wako waliorudi na deni. Wako ambao mlima uliwafunika. Wazee walisema: tamaa mbele, mauti nyuma. Ila hapa tujiulize kwa unyofu: mauti yakimpata kijana shimoni, tamaa iliyotangulia mbele ilikuwa ya nani? Ilikuwa yake, au ya wale walioiandika faktire?

IV. SHERIA YAFUNGA MLANGO, TAMAA YATAFUTA DIRISHA

Mfereji wa tatu ni sheria ya Serikali. Wengi husema: «Serikali itoe amri, na jambo litakwisha.» Tuone basi jinsi amri ilivyofanya kazi katika nchi yetu.

Tarehe 4 Aprili 1950 ilitolewa sheria juu ya ndoa za wake wengi. Ilisema kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1951 ndoa mpya ya namna hiyo haitatambuliwa tena. Wamisionari wengi waliifurahia. Lakini sheria iliifuta ndoa katika daftari. Haikuzifuta tamaa zilizokuwa nyuma yake: tamaa ya watoto wengi, ya mikono mingi shambani, ya heshima ya ukubwa, na tamaa ya mwili. Wanaume wengi waliendelea kuwachukua wanawake wengine bila kuwaandikisha. Baadaye watu wa mijini walizusha jina la mzaha, wakamwita mwanamke wa namna hiyo «biro ya pili». Zamani mke wa pili alikuwa na jina, shamba na mashahidi. Mwanamke wa biro ya pili hana jina, hana mashahidi, na mwanamume akifa hana mahali pa kusimama. Mlango ulifungwa, tamaa ikapita dirishani, na aliyeumia kwa vioo alikuwa mwanamke pamoja na watoto wake.

Je, maana yake sheria ile ilikuwa bure? Hatusemi hivyo. Mtakatifu Tomasi wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya wanadamu haiwezi kukataza kila kilema. Imewekwa kwa ajili ya watu wengi ambao si wakamilifu. Kwa hiyo hukataza hasa makosa makubwa, yale yanayowadhuru wengine, kwa mfano kuua na kuiba. Sheria ikidai zaidi ya nguvu za watu, watu huidharau, wakafanya mabaya makubwa kuliko yale ya kwanza. Sheria njema, basi, haiulizi tu: «Nikataze nini?» Huuliza pia: «Nikikikataza, watu watakwenda wapi, na nani ataumia njiani?»

Kitabu cha Sheria za Jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987 kilijifunza kidogo kutoka hapo. Kilishika kanuni ya mume mmoja na mke mmoja, na kukataza ndoa ya pili wakati ile ya kwanza haijavunjwa. Lakini hakikuishia katika kukataza. Kilisema kwamba kila mtoto Mkongo sharti awe na baba, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje ya ndoa. Tazameni tofauti: sheria ya 1950 ilitazama daftari, sheria ya 1987 ilimtazama pia mtoto aliyesimama nje ya mlango.

Na mahari je? Kitabu hichohicho hakikuifuta. Chasema kwamba jamaa hupatana juu ya mali au fedha itakayotolewa kwa wazazi wa msichana, na kwamba ndoa haiwezi kufungwa mpaka mahari imekwisha kutolewa, walau sehemu yake. Shikeni sana maneno haya mawili: «walau sehemu». Sheria haidai yote yalipwe kabla ya ndoa. Basi mzazi asemaye, «Serikali yenyewe yataka kila kitu kilipwe kwanza», hasemi kweli. Anayetaka ni yeye.

Sheria nyingine zilifuata ili kumlinda yule ambaye desturi na fedha zilikuwa zimemsahau. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yampa kila mtu haki ya kuoana na yule aliyemchagua mwenyewe. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya jeuri na unajisi yamwadhibu kwa kifungo mzazi au mlezi anayemlazimisha mtu kuoa au kuolewa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza uchumba na ndoa ya watoto. Mwanzoni Kitabu cha mwaka 1987 kilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na mvulana miaka 18. Tangu masahihisho ya tarehe 15 Julai 2016 ni miaka 18 kwa wote wawili.

Sheria hizo ni njema, na yatupasa kuzitii. Lakini zimeandikwa kwa Kifaransa, na kijiji kiko mbali na baraza la hakimu. Kama baba anadaiwa ada ya shule, kama mtoto wa kiume angoja mahari ya dada yake, kama mavuno yameharibika, basi karatasi ya 2016 itakuwa dhaifu mbele ya mbuzi aliyefungwa uani. Sheria huwa na nguvu pale tu ambapo watu wenyewe wamekwisha kuona haya kulitenda jambo linalokatazwa.

V. NENO LA EKLEZIA

Sasa twaweza kuelewa kwa nini Mungu hakutosheka na kukataza wizi na uzinzi, bali aligusa pia tamaa. Hakimu huanza kazi yake baada ya ubaya kutendeka. Amri ya kumi huanza kazi kabla faktire haijaandikwa.

Juu ya ndoa yenyewe Eklezia ina fundisho wazi: kinachofanya ndoa ni kukubaliana kwa hiari kwa mume na mke, na hiari hiyo hakuna mtu mwingine awezaye kuitoa kwa niaba yao. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwakataa wale waliosema kwamba ndoa za vijana waliooana bila kibali cha wazazi si ndoa. Papo hapo uliamuru kwamba tangu sasa ndoa zifungwe mbele ya padri na mashahidi, kwa sababu ndoa za siri zilikuwa zimewaumiza wengi. Hiari na ushahidi: Eklezia ilivitaka vyote viwili. Mahari yaweza kuwa ishara nzuri ya shukrani kati ya jamaa mbili. Haiwezi kuwa bei, kwa kuwa mtu hana bei.

VI. YATUPASA KUFANYA NINI?

Hatuwaambii mwondoe mahari. Mkiufukia mfereji wa zamani bila kuchimba mwingine, maji yatapita kila mahali. Twawaambia mjiulize maswali matatu mbele ya kila desturi, kila bei na kila sheria: Yatimiza tamaa ya nani? Nani analipa gharama yake? Na yule asiyeweza kulipa, atakwenda wapi?

Wazazi wa kijiji kimoja waweza kukutana na kupatana juu ya kiasi ambacho kijana mkulima aweza kukilipa kwa mazao ya shamba lake, bila kwenda machimboni na bila kukopa. Jambo hili halifai kufanywa na nyumba moja peke yake, kwa maana nyumba moja itaona haya mbele ya nyingine. Likifanywa na wote, haya itageuka upande wa yule anayezidisha. Kilichotolewa kiandikwe, pamoja na majina ya mashahidi, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Msichana aulizwe peke yake, mbele ya mtu asiyemwogopa, kama anakubali. Ndoa iandikishwe katika ofisi ya Serikali, ili mke na watoto wapate mahali pa kusimama siku ya kifo. Na baba ambaye binti yake amerudi akilia, asihesabu kwanza ng'ombe. Amsikilize kwanza.

TUKUMBUKE

Tamaa ni nguvu tuliyopewa, si uovu. Desturi, fedha na sheria huielekeza, nazo pia hutufundisha kutamani. Sheria isiyojua tamaa iliyo nyuma ya tendo huihamisha tu kutoka mlangoni hadi dirishani. Mpango mwema ni ule usiomtwisha mtu mmoja, aliye dhaifu, gharama ya tamaa za wote.

MAULIZO NA MAJIBU

1. Je, kutamani ni dhambi?
— Hapana. Ni dhambi kukubali kwa hiari tamaa ya kumdhuru mwenzetu, au ya kupata mali yake bila haki.

2. Kwa nini ng'ombe na fedha si sawa katika mahari?
— Ng'ombe huonekana, huhitaji malisho, na huzunguka kati ya jamaa. Fedha hufichwa, na tamaa yake haina kiasi.

3. Sheria ya 1950 ilishindwa wapi?
— Ilifuta ndoa mpya za wake wengi katika daftari, bila kuziponya tamaa zilizozileta; wanawake na watoto wengi wakabaki bila ulinzi.

4. Je, sheria ya Kongo yadai mahari yote ilipwe kabla ya ndoa?
— Hapana. Yadai itolewe walau sehemu yake.

5. Msichana na mvulana waweza kuoana wakiwa na umri gani?
— Miaka 18 kwa wote wawili, tangu mwaka 2016.

6. Ni nini kinachofanya ndoa mbele ya Eklezia?
— Kukubaliana kwa hiari kwa mume na mke, mbele ya padri na mashahidi.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila mzazi mwenye binti aliyefikia umri wa kuolewa amwulize juma hili, kwa upole na bila watu wengine: «Mwanangu, wewe mwenyewe wataka nini?» Kisha anyamaze, amsikilize mpaka amalize.